Kabla Hujagusa Trebo

Somo langu la kwanza kuhusu amplifaya ya valvu nililipata usiku mmoja Malaba, katika ukumbi wa mabati ulio hatua chache kutoka pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Madereva walikuwa wamejaa, nami nilikuwa nimeazimwa amplifaya nzito kama gunia la mahindi, valvu zake zikiwaka rangi ya chungwa kwa nyuma. Mchana nilikuwa nimeijaribu peke yangu. Nilifungua besi hadi mwisho, trebo hadi mwisho, na kifundo cha kati nikakishusha chini kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo sauti ilivyonivutia: pana, yenye kung'aa, kama redio iliyotoka dukani jana. Bendi ilipoanza usiku, gita langu likapotea. Vidole nilivihisi, nyuzi niliziona zikitikisika, lakini wimbo haukuwapo. Nikaongeza sauti. Waliokaa mbele wakaanza kukunja nyuso, na bado wimbo haukuwapo. Wakati wa mapumziko dereva mmoja akanisogelea, akaniambia kwa upole, "Kijana, hiyo gita inalia kama breki za lori. Sasa inaimba nini?"

Yule dereva hakuwa mwanamuziki, lakini aliuliza swali lililonigharimu miaka kadhaa kulijibu. Jibu lenyewe ninakupa wewe unayepiga gita kanisani Busia, au kwenye harusi na matanga huku Teso na Samia, ambaye siku moja utakabidhiwa amplifaya ya namna hii. Si nyingi, lakini zinafika. Moja huletwa na wageni wa kanisa wakaiacha, nyingine huuzwa na watoto wa mzee aliyekuwa na bendi, nyingine huvuka na mtu aliyetoka kuishi ng'ambo. Utaambiwa kwamba valvu zina sauti tamu. Ni kweli, ila utamu huo unaweza kuuharibu kwa vifundo vitatu katika muda wa kupiga chafya.

Ila kwanza igeuze uangalie mgongo wake. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 120, na stima yetu, upande huu na upande wa Uganda, ni volti 240. Ukiichomeka hivi hivi utaona moshi kabla ya kusikia noti. Tafuta transfoma ya kushushia volti, tena yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa pale nyuma. Usiiwashe bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua, nayo ni miongoni mwa vipuri vya bei ghali zaidi humo ndani. Na usiifungue. Ndani mna volti 400 na zaidi katika nyingi za hizi, na kapasita kubwa zinaweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Anayetengeneza simu, hata awe stadi namna gani, hii si kazi yake. Muulizie mzee aliyewahi kutengeneza zile redio kubwa za sebuleni. Valvu za EL84 na ECC83 zilizokuwa kwenye vyombo vya sauti vya Ulaya enzi hizo ndizo utakazozikuta kwenye amplifaya kama Vox AC30, kwa hiyo hatakuwa mgeni.

Sasa turudi mbele, kwenye vifundo.

Jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema ni kwamba vifundo hivi haviongezi kitu. Katika amplifaya nyingi za valvu za gita, Fender na Marshall na ndugu zao, saketi ya toni haina nguvu yake yenyewe. Ni kapasita tatu, rezista moja na vifundo. Kazi yake ni kupunguza tu. Ukifungua trebo hadi 10 hujaongeza trebo. Umeacha kuinyima njia. Na upunguzaji wenyewe ni mkubwa: sauti za katikati zinaweza kutoka humo zikiwa na sehemu moja ya kumi tu ya volti zilizoingia nazo, ndipo valvu inayofuata ianze kuzikuza upya. Mtu anayefungua kila kifundo akitafuta sauti zaidi ni kama anayefungua madirisha yote akitafuta nyumba kubwa zaidi.

Sisi wa Busia, tulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, tuna namna rahisi ya kuielewa saketi hii. Fikiria mpaka. Kuna njia ya panya, nyembamba, anapopita mwenye baiskeli tu. Hiyo ni kapasita ya trebo, ndogo sana, pikofaradi 250 katika Fender nyingi za zamani. Mitikisiko ya haraka, yaani sauti nyembamba, hupenya bila shida. Ile ya polepole haitoshei. Kuna barabara kuu, na mlangoni pake kuna rezista inayopunguza mwendo wa kila kitu: kiloomu 56 kwenye Fender Bassman ya mwishoni mwa miaka ya 1950, kiloomu 100 kwenye Twin Reverb ya miaka ya 1960, kiloomu 33 kwenye Marshall nyingi zilizofuata. Baada ya rezista hiyo ipo kapasita kubwa ambayo hata malori, yaani besi, huipita. Sasa fikiria mikokoteni. Ni mipana mno kwa njia ya panya, na ikiingia barabara kuu inakuta kapasita ya tatu inayoichepusha na kuimwaga ardhini. Hizo ni sauti za kati. Kifundo cha kati ni kizuizi kilichowekwa kwenye huo mchepuko: ukikipandisha unaziba mfereji, ukikishusha unaufungua wazi.

Ndiyo maana amplifaya hizi, hata vifundo vyote vikiwa nusu, huwa na bonde katikati ya sauti. Kwa Fender za miaka ya 1960 bonde hilo hukaa karibu na hezi 400 hadi 500. Kwa Marshall husogea juu kidogo. Sasa chukua gita lako. Uzi wa kwanza ukiupiga wazi hutoa karibu hezi 330. Freti ya 5 ni hezi 440. Freti ya 12 ni kama hezi 659. Yaani bonde limechimbwa palepale ambapo nyimbo nyingi za solo hutembea. Usiku ule Malaba nilikuwa nimelichimba zaidi kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikashangaa wimbo umekwenda wapi. Nilichobakiza ni ngurumo, ambayo tayari ilikuwa kazi ya mpiga besi, na mkwaruzo, ambao tayari ulikuwa kazi ya matoazi.

Kwa nini basi wahandisi walichimba bonde? Kwa sababu gita la umeme lenyewe, na spika ya inchi 12 isiyotoa mengi zaidi ya hezi 5,000, hujaa sauti za kati hadi kukera likipigwa peke yake. Bonde huleta usawa wa kupendeza chumbani. Bwana Leo Fender na wenzake hawakukosea. Anayekosea ni anayesawazisha amplifaya chumbani kisha akaibeba vilevile hadi ukumbini.

Lipo jaribio moja ambalo huwafanyisha vijana, nao hucheka. Kwenye Twin Reverb, au nyingine yenye saketi ileile na vifundo vyote vitatu, shusha besi, kati na trebo hadi sifuri. Piga gita. Kimya. Amplifaya haijaharibika, umefunga kila njia na kuuacha mfereji wazi. Sasa pandisha kifundo cha kati peke yake polepole hadi 10. Sauti inaibuka nzima, ya mbao, si tamu sana, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na sauti halisi ya gita lako. Wengi hawajawahi kuisikia. (Marshall haitakupa kimya kamili, maana imeunganishwa kwa namna tofauti kidogo, lakini utauona mwelekeo.) Kuanzia hapo ongeza besi kidogo mpaka kidole gumba kisikike, kisha trebo kidogo mpaka maneno ya nyuzi yatamkike. Mara nyingi utajikuta umesimama kwenye besi 3, kati 7, trebo 5, na utashangaa jinsi ulivyokuwa ukiishi mbali na hapo.

Namba hizo usizishike kama amri, kwa sababu vifundo hivi vinaegemeana. Sauti hutoka kwenye saketi kupitia ulimi wa kifundo cha trebo. Ulimi ukiwa juu kabisa umeipa mgongo barabara kuu, kwa hiyo trebo inatawala, na ukizungusha besi mabadiliko yake huonekana madogo kuliko ulivyotarajia. Ukirudisha trebo hadi 4, besi ileile inafufuka. Nimewaona watu wakilaani kifundo cha besi kuwa kimekufa na kumwita fundi, kumbe kilibanwa na jirani yake. Kwa hiyo ukitaka besi zaidi, jaribu kwanza kupunguza trebo na kuongeza sauti ya jumla. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo saketi ilivyo. Na ukikuta amplifaya isiyo na kifundo cha kati, kama Deluxe Reverb, ujue rezista iliyowekwa mahali pake imekwisha kukuamulia huko ndani. Dawa ni hiyohiyo: shusha besi na trebo zote mbili, kisha pandisha sauti, na kati itajitokeza yenyewe.

Kuna vifundo vingine viwili vinavyowachanganya watu. Kile kilichoandikwa Presence hakimo katika saketi ya toni hata kidogo. Kipo mwishoni, kwenye sehemu ya nguvu, mahali ambapo sehemu ya sauti iliyokwisha kutoka hurudishwa nyuma ili kuituliza amplifaya. Kifundo hiki huzuia sauti nyembamba zisirudishwe, na kwa kuwa hazitulizwi, zinachomoza. Huu ni mchomozo wa kweli, si kupungua kwa upunguzaji, na ndiyo maana huuma masikio haraka. Kianzie 2 au 3. Vox AC30 hufanya kinyume: kifundo chake cha Cut, kadiri unavyokizungusha kulia ndivyo kinavyopunguza trebo. Namfahamu mpigaji aliyekaa na AC30 karibu mwaka mzima akikizungusha kulia kutafuta makali zaidi. Sitamtaja, tunasali naye. Na ile swichi ya Bright ni kapasita ndogo tu iliyopita juu ya kifundo cha sauti. Athari yake ni kubwa sauti ikiwa chini, na hufifia kadiri unavyopandisha. Ukiiona inakera saa za mazoezi, huenda usiku usiisikie kabisa.

Hapo sasa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi vifundo vyote: mahali amplifaya ilipo na mahali sikio lako lilipo.

Wengi wetu huweka amplifaya sakafuni, tukasimama hatua mbili mbele yake. Sauti nyembamba hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi, zinakwenda mbele moja kwa moja. Zinapita katikati ya miguu yako. Masikio yako, yaliyo juu, yanapata besi na kati, basi unaona trebo haitoshi na unaongeza. Aliyeketi meza ya tatu, tochi inammulika usoni. Jambo la kwanza kufanya ni kuipandisha amplifaya juu ya kreti ya soda, au kuilaza nyuma kidogo ikutazame usoni. Utashusha trebo mwenyewe, bila kushauriwa na mtu. Na kreti ina faida ya pili. Amplifaya iliyoketi kwenye saruji, tena kwenye kona, hupata besi nyingi za bure kutoka sakafuni na ukutani. Ukiinyanyua, lile tope linapungua hata kabla hujagusa kifundo.

Kumbi zetu nyingi ni mabati juu na saruji chini, vitu viwili vinavyorudisha kila sauti nyembamba kama mpira. Saa kumi jioni, ukumbi ukiwa mtupu, utalazimika kushusha trebo sana. Saa tatu usiku wamejaa watu, na miili na nguo hunywa sauti nyembamba, basi ileile uliyopanga jioni inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Mimi huacha nafasi: jioni ninapanga trebo iwe kali kidogo kuliko ninavyopenda, nikijua watu watakuja kuilainisha. Ukipiga nje, uwanjani au kwenye boma la msiba, hakuna kuta za kukurudishia besi, kwa hiyo ongeza kidogo, na utafute ukuta wa nyumba wa kuegemea nyuma ya amplifaya.

Kisha kuna sikio lenyewe. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao huko Marekani, inajulikana kwamba sauti ikiwa ya chini sikio la binadamu husikia besi vibaya, na trebo ya juu kabisa vilevile. Ukipanga toni nyumbani usiku kwa sauti ya kutomwamsha mtoto, bila kujua utaongeza besi na trebo ili kuziba pengo la sikio. Ukipandisha sauti ukumbini pengo linazibika lenyewe, na ile ziada uliyoweka inageuka kelele. Ndiyo siri ya usiku wangu wa Malaba, ukitaka kuifupisha: nilipanga kwa sauti ya chumbani nikapiga kwa sauti ya ukumbini. Toni hupangwa kwa sauti ileile utakayopigia, pamoja na bendi nzima. Mpiga gita anayeomba dakika tano za kujaribu peke yake anajipoteza. Omba dakika mbili pamoja na besi na ngoma.

Na unapiga nini? Hili nalo lina uzito. Magharibi ya Kenya ina urithi wa gita kavu, omutibo, ule mtindo ambao George Mukabi aliutangaza kabla ya kufa mwaka 1963: gumba linashika besi, kidole cha shahada kinaimba, na mwenzako anagonga chupa ya Fanta. Ukipiga hivyo peke yako kwenye amplifaya ya valvu, gita moja linafanya kazi ya watu wawili, na lazima gumba lisikike. Besi 5, kati 7, trebo isizidi 4, na sauti isiwe kubwa hata valvu zikaanza kuivunja, maana zikiivunja, noti nene ya gumba huimeza nyembamba ya shahada.

Benga ni habari nyingine. Gita la besi katika benga halikai nyuma, linatembea na kuzungumza, na solo inayong'ang'ania besi inapigana na mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Shusha besi hadi 2. Kwa rumba na sebene, zenye magita ya solo, mi-solo na ridhim, nawaomba msipange toni kila mtu kivyake. Ridhim ndiye anayeweza kulichukua lile bonde la katikati. Besi kidogo, kati 3, trebo 6, akawa kama kayamba. Mi-solo akae katikati. Solo apandishe kati hadi 8. Mkisikilizwa mmoja mmoja mtasikika wa ajabu, hasa ridhim, ambaye atalalamika kuwa gita lake limekonda. Mwambieni avumilie. Mkianza pamoja kila mmoja atasikika bila kuongeza sauti.

Waya pia ni kifundo, ingawa hauna namba. Waya wa kawaida wa gita una kama pikofaradi 100 kwa kila mita, na pikofaradi hizo huvujisha trebo ardhini kabla haijafika popote. Waya wa mita 3 na wa mita 10 kwenye gita lilelile ni sauti mbili. Ukiona amplifaya ya mtu ni kali mno na huna namna, waya mrefu unaweza kukuokoa. Ukiona imefifia, punguza waya kabla ya kulaumu valvu. Na kumbuka gita lenyewe lina kifundo cha toni, ambacho wengi hukiacha wazi maisha yote. Mimi hupanga amplifaya iwe kali kidogo, halafu nikayamaliza makali hapo karibu na mkono, wimbo kwa wimbo.

Kifundo kikikwaruza unapokizungusha, mara nyingi ni vumbi. Barabara ya malori haituhurumii. Amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara ishirini hivi. Mara nyingi kinapona kwa muda. Kikiendelea kukwaruza, hasa kile cha sauti au cha trebo, na hata dawa ya kusafishia haikukisaidia, huenda kapasita iliyo mbele yake imeanza kuvujisha umeme wa valvu. Hapo mpelekee yule mzee wa redio, nawe ukae mbali na bisibisi.

Ukishapata mpangilio unaoupenda mahali fulani, bandika kipande cha plasta pembeni ya kila kifundo na uchore alama kwa kalamu. Plasta yangu ina alama za rangi tatu: ya buluu ni ya kanisani, nyekundu ya ukumbini, nyeusi ya nje. Alama ya nne sijaweza kuichora. Ni ya saa ile mvua ya Busia inaposhuka juu ya mabati katikati ya wimbo, ikanguruma kwenye besi, kati na trebo kwa pamoja. Nikisikia matone ya kwanza ninashusha sauti, ninawaachia wapiga ngoma, na kuuliza kama chai bado ipo.